Godoro kwanza, maiki baadaye!

Mgongo unaniuma. Na wala haukuumia kwa kazi ya kuniingizia hela. Umeumia kwa kubeba godoro la futi tano kwa sita, mchana kweupe, majirani wanachungulia madirishani. Tulia nikupe mkasa.

Jumamosi iliyopita, saa moja asubuhi, usingizi ndio kwanza umekolea, mlango ukagongwa. Kufungua, namkuta mtoto wa shangazi yangu. Begi la mgongoni kalivaa kifuani, kalikumbatia kwa mikono miwili.

"Shikamoo kaka. Vaa twende Kariakoo."

"Marahaba. Kariakoo kuna nini?"

"Nanunua studio."

Kha! Kijana anatamka kununua studio kama mtu anayekwenda kununua fungu la mchicha.

Basi bwana, nikamvuta ndani, nikabandika chai. Kumbe mle kwenye begi mlikuwa na shilingi milioni mbili na laki nne. Kauza pikipiki! Ile ile iliyokuwa inamlipia kodi ya chumba na kumnunulia mama yake dawa za presha kila mwezi. Hata hajamaliza kikombe, simu yangu ikaita. Shangazi.

"Mwanangu, mdogo wako yuko hapo? Mwambie nimeshasikia. Na wewe kama unamwogopa Mungu, usimwache azitupe hizo hela."

Unaona mzigo nilivyotwishwa asubuhi asubuhi?

Nikamwambia dogo anionyeshe orodha yake. Akafungua simu. Maiki kubwa ya kondensa. Spika mbili za inchi nane. Taa za rangi za kubandika ukutani. Kiti cha wacheza gemu, chekundu. Basi. Nikamuuliza saundi kadi iko wapi, akasema ataulizia huko huko. Umeme ukikatika je? Akacheka. Na chumba?

"Chumba si kipo, kaka!"

Hapo nikajua ugonjwa wake. Kaona picha ya studio kwenye simu, anataka kuinunua picha yote kama ilivyo, na taa zake. Sikumcheka, maana ugonjwa huo nimeuugua mimi mwenyewe, tena ulinilaza chini. Nitakusimulia mbele.

Wazo lenyewe si baya. Zamani bendi zetu zilirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam: bendi nzima inaingia, wanapiga wote kwa pamoja, akikosea mmoja mnarudia wote. Baadaye, kina Bongo Fleva wakawa wanasaka nafasi kwa Master J au kwa P-Funk Majani wa Bongo Records. Kama huna hela na huna wa kukushika mkono, wimbo wako unakufa nao kichwani. Leo mambo yamegeuka. Mwaka 2019 binti wa Kimarekani, Billie Eilish, alitoa albamu ambayo sehemu kubwa kaka yake Finneas aliitengenezea chumbani kwake, nyumbani kwa wazazi wao huko Los Angeles. Januari 2020 albamu hiyo ikanyakua Grammy ya albamu bora ya mwaka. Chumba cha kulala hicho, ndugu yangu!

Kwa hiyo dogo hakukosea kuota. Alichokosea ni kipi kianze na kipi kifuate.

Badala ya kwenda Kariakoo, nikamwambia twende kwanza kwake, Tabata. Chumba kina mita tatu kwa tatu na nusu, kuta za saruji tupu, sakafu ya saruji, na nyuma ya dirisha kuna mashine ya kusaga. Nikamwambia simama katikati, piga kofi moja. Paa! Chumba kikamjibu kama bati limepigwa jiwe.

"Umesikia?" nikamuuliza. "Hicho ndicho maiki yako ya bei mbaya itakirekodi."

Sauti inatembea kama mita 343 kwa sekunde. Kwenye chumba kidogo inagonga ukuta na kukurudia hata hujamaliza neno, na maiki inazipokea zote, ya mdomoni na ya ukutani. Ndiyo maana demo nyingi za mtaani utadhani jamaa aliimbia bafuni. Siku hizi zipo programu za kupunguza huo mwangwi, lakini zinapunguza tu, haziufuti, na zikizidishwa zinaharibu na sauti yenyewe.

Dawa yake ni vitu vizito na laini: godoro, mablanketi, mazulia, pazia nzito, hata kabati la nguo lililoachwa wazi. Wengi wanakosea wanapoliweka godoro nyuma ya maiki. Liweke nyuma ya mgongo wa mwimbaji, maana huko ndiko maiki inakotazama. Sasa, godoro la ziada la dogo lilikuwa limehifadhiwa kwangu, na mwenye pikipiki kauza pikipiki. Umeshaelewa habari ya mgongo wangu.

Na tafadhali, trei za mayai achana nazo. Najua umeziona kwenye studio za uswahilini, zimepangwa ukuta mzima. Ni makaratasi mepesi. Zinagusa kidogo tu zile sauti kali za juu, besi zinaipita kama haipo, na kelele za jirani hazizuii hata chembe. Ila ikitokea cheche ya waya, zinawaka vizuri sana. Kuzuia kelele kunataka uzito na kuziba mianya: mlango mzito, mpira kwenye kingo za mlango na dirisha. Kwenye nyumba ya kupanga huwezi kuhamisha mashine ya kusaga, lakini unaweza kujua inafunga saa ngapi. Ya pale inazimwa saa kumi na mbili jioni. Basi kuimba ni kuanzia saa mbili usiku, feni imezimwa, friji limezimwa. Ukizima friji, weka funguo za nyumba ndani yake, ili usitoke bila kukumbuka kuliwasha. Mimi nilisahau mara moja, kilo mbili za samaki zikaninukia wiki nzima.

Mchana ndio tukaenda Kariakoo.

Kuhusu maiki, elewa hivi. Kondensa inasikia kila kitu, na inataka umeme wa volti 48 kutoka kwenye saundi kadi. Kwenye chumba kilichotulia ni tamu. Kwenye chumba cha Tabata itakuletea jogoo, bajaji na mama jirani anayemgombeza mtoto. Maiki ya dainamiki ni ngumu kidogo ya masikio: inapokea kilicho karibu yake, vya mbali inavipuuza. Usidhani ni ya kimaskini. Michael Jackson kwenye albamu ya Thriller ya mwaka 1982 aliimbia dainamiki, Shure SM7. Ndugu yake, SM58, yupo tangu mwaka 1966 na bado anapanda majukwaani dunia nzima.

Tatizo ni kwamba SM58 ni kati ya maiki zinazofojiwa sana. Duka la kwanza tulipewa moja, boksi linang'aa, bei ya kuruka. Nikaenda kwa muuza viungo wa pembeni kuazima mzani. Maiki halisi ina gramu 298. Ile ilisoma mia mbili na ushee. Muuzaji akaanza kutazama dari. Uzito peke yake si ushahidi kamili, maana wajanja wanaweza kuongeza chuma ndani, lakini ikiwa nyepesi we kimbia tu. Tukahamia duka jingine linalotoa risiti na dhamana kwa maandishi, tukalipa zaidi kidogo, tukalala usingizi.

Saundi kadi ndiyo daraja kati ya maiki na kompyuta. Matundu mawili ya kuingizia yanamtosha mtu anayeanza, moja la sauti, moja la gitaa au kinanda. Ukirekodi, weka biti 24 na uiache sauti icheze chini ya mstari mwekundu, kilele chake karibu na desibeli 12 chini ya sifuri. Taa nyekundu ikiwaka, sauti imeshachanika na haishoneki. Kazi ya muziki tumia kilohezi 44.1, kazi ya video tumia 48.

Halafu kuna kile kinachowakera waimbaji, sauti kuchelewa kwenye masikio. Kwenye programu yako tafuta mahali pa bafa. Ukirekodi, iweke 128, ucheleweshaji wake ni kama milisekunde 3, husikii kitu. Ukimaliza na kuanza kumiksi, ipandishe 1024 ili kompyuta ipumue. Programu yenyewe si lazima iwe ya wizi, iliyojaa virusi. Audacity ni ya bure. Reaper wanakupa siku 60 za kujaribu, na leseni ya mtu binafsi ni dola 60. FL Studio, iliyoanza mwaka 1997 kwa jina la FruityLoops, ukishainunua maboresho yake ni bure.

Spika za inchi nane nikazikataa. Kwenye chumba kidogo, besi ya spika kubwa inajikusanya pembeni mwa kuta na kukudanganya: unapunguza besi, ukienda kusikilizia kwenye gari wimbo hauna besi kabisa. Tena mwenye nyumba atakufukuza kabla ya kibao cha kwanza. Dogo akachukua hedifoni nzuri za kufunika masikio. Siku akipata spika, zitakuwa ndogo, zinatazama upande mrefu wa chumba, kimo cha masikio, umbali kati yake uwe sawa na umbali wa kila moja hadi kichwani kwake. Na kikubwa ni kuzizoea. Yamaha walitoa spika za NS-10 mwaka 1978, hazikuwa na utamu wowote, lakini mafundi wakubwa wa dunia walimiksi nazo miaka na miaka kwa sababu walizijua. Walijua zikisema hivi, kwenye redio ya mtu itakuwa vile.

Sasa hapo hapo dogo anataka chumba kiwe ofisi. Mchana asome matangazo ya maduka kwa hela, aandike ankara, apokee wateja. Meza moja inatosha, iwe ya kimo ambacho viwiko vyako vinakaa sawa. Kile kiti chekundu nilikikataa kwa sababu moja: nilikikalia dukani, nikageuka, kikalia kama mlango wa stoo. Maiki ingekisikia. Nunua kiti cha kawaida kisicho na kelele, na ukirekodi simama.

Waya za umeme zipite upande mmoja wa meza, za sauti upande mwingine, na zikilazimika kukutana zikatane kama msalaba. Ukisikia "mmmm" kwenye hedifoni, chomoa chaja ya laptopu. Ikinyamaza, shida iko kwenye chaja au nyumba haina waya wa ethi. Muite fundi umeme, na usivunje ile pini ya tatu ya plagi kama wanavyofanya wajanja. Ile pini imewekwa ili wewe usife.

Laptopu ya dogo ni ya mtumba, betri imekufa siku nyingi, inaishi kwa chaja. Umeme ukikatika, nayo imezimika. Kwa hiyo tukanunua UPS ndogo, ya kumpa dakika kadhaa za kusevu na kuzima kwa adabu. Printa ya leza usiichomeke humo hata siku moja. Ikianza kupasha moto inavuta umeme mwingi kwa mkupuo, UPS inalia na kuzimika na kazi yako inaondoka nayo.

Hapo ndipo dogo alipochoka. "Kaka, hela inaishia kwenye vitu visivyoonekana. UPS, waya, mablanketi. Watu wakija wataona nini?"

Nikamkalisha kwenye mgahawa, nikamweleza ambayo nilikuwa sijamwambia.

Mwaka 2017 na mimi nilikuwa na studio ya picha. Maiki ya kondensa niliyoinunua kwa hela ya kodi ya miezi sita, taa za bluu, kompyuta ya mezani. UPS sina, diski ya akiba sina. Bibi yetu, mama yake baba na shangazi, alikuja Dar kutoka Lushoto kutibiwa macho. Jioni moja nikamkalisha kitandani kwangu, nikamwekea maiki. Akaimba nyimbo za harusi za Kisambaa, moja baada ya nyingine, na katikati akasimulia babu alivyomposa, mpaka mahari iliyokataliwa mara mbili. Saa moja na nusu. Alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Nikiwa nasevu, umeme ukakatika. Ukarudi kwa kishindo, ukakatika tena. Kompyuta haikuwaka. Fundi mmoja, fundi wa pili, wa tatu, wote jibu moja: diski imekufa. Nikasema si neno, akirudi tutarekodi upya. Bibi akarudi Lushoto. Hakurudi Dar. Machi ya mwaka uliofuata tulimzika.

Kilichobaki ni sekunde arobaini nilizorekodi kwa simu na kumtumia dada yangu aliyeko Morogoro, eti amsikie bibi anavyoimba. Nyuma kuna honi ya daladala. Simu yangu ile niliibiwa, lakini ya dada ilikuwa nazo. Kila kwenye msiba au harusi ya ukoo, tunaomba dada aziweke tena. Kwa hiyo, kati ya maiki ya kodi ya miezi sita na simu ya dada, mwenyewe sema ipi ilikuwa studio.

Dogo akakaa kimya. Chai yake ikapoa. Kisha akaniuliza, "Diski za nje zinauzwa duka gani?"

Tukanunua mbili. Sheria niliyompa ni hii, nawe ichukue bure: kila kazi iwe na nakala tatu, moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje, na moja isilale nyumba hiyo. Ipeleke kwa shangazi, kwa rafiki, au iweke kwenye hifadhi ya mtandaoni. Mwizi, moto na maji ya mvua vinaingia nyumba moja kwa wakati mmoja. Ukimaliza kurekodi, usifungue soda kabla hujanakili.

Na kwa kuwa ni ofisi, nikamnunulia faili la shilingi elfu mbili kwa hela yangu. Akitengeneza biti, kabla mtu hajaimba, waandike karatasi moja: biti ya nani, mashairi ya nani, hela ikiingia mnagawana vipi, sahihi na tarehe. Urafiki wa studio ni mtamu mpaka wimbo uanze kupigwa redioni.

Tulirudi Tabata jioni kwa daladala na mfuko mmoja mkubwa. Maiki ya dainamiki na stendi yake, saundi kadi, hedifoni, UPS, diski mbili, waya. Kinga ya kuzuia mapovu na pumzi za "p" na "b" tulitengeneza kwa waya wa henga na soksi ya nailoni. Ilibaki laki tisa na kitu. Laki tatu akailipia kodi ya miezi mitatu, nyingine akampelekea mama yake ya dawa, na iliyobaki ni ya kianzio cha pikipiki ya mkataba, maana studio haimlishi mtu mwezi wa kwanza, na asikudanganye mtu.

Kesho yake Jumapili, saa mbili usiku, mashine ya kusaga imelala, nikapigiwa simu niende. Nikamkuta shangazi amekaa kwenye kigoda, mgongo kaupa godoro, hedifoni juu ya kilemba. Kumbe nyimbo za bibi anazijua! Miaka yote hiyo nalilia diski iliyokufa, sikuwahi kumuuliza. Akaimba nne. Ya tano akakwama katikati, akasema ngoja atampigia dada yake aliyeko Korogwe, yeye anaikumbuka.

Dogo alinakili mara tatu kabla hatujala. Nakala ya tatu ninayo hapa mezani ninapoandika.

Sasa wewe unayevizia kuuza kitu ukanunue studio, anza kwa kupiga kofi chumbani kwako, usikilize kinakujibu nini. Tuonane wiki ijayo panapo majaliwa. Na kama una dawa ya mgongo, nitumie haraka.